Daktari Burkitt: Jicho Moja Lililoona Mbali

Nimeishi bara miaka mingi kuliko niliyoishi pwani. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini mwaka 1979 nilipewa barua ya kwenda kufundisha Meru, kisha nikahamishiwa Embu, kisha nikarudishwa Meru, na hii leo, nikiwa mzee mstaafu, makao yangu ni mtaa wa Majengo, mwendo mfupi kutoka msikitini. Ndugu zangu wa pwani wanaponitembelea huniuliza mambo mawili tu, baridi na miraa. Leo naomba idhini ya wasomaji niyaache yote mawili, nisimulie maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 30 iliyopita. Hakuwa wa kabila letu wala wa dini yetu, na sidhani kwamba alipata kulisikia jina la mtaa wetu. Hata hivyo kazi yake imeingia mpaka chumbani mwa binti yangu. Jina lake ni Daktari Denis Burkitt.

Kabla ya kumfikia yeye, hapana budi nieleze njia iliyonifikisha kwake.

Binti yangu alifunzwa na bibi yake kushona kofia za viua, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Mwaka 2009, akiwa ameolewa na ana mtoto mmoja, aliamka siku moja jicho la kushoto limetanda ukungu. Baada ya wiki chache jicho likapona lenyewe, tukamshukuru Mungu. Mwaka uliofuata miguu ikafa ganzi, ikapona nusu. Kisha akawa akitembea anayumba kama aliye chomboni wakati wa kusi, na vidole vikaikataa sindano. Hospitali ya kwanza walisema ni baridi yabisi. Ya pili walisema ni mawazo ya ndoa. Watu wa mtaani nao walikuwa na lao, na wakwe zake walikuwa na lao. Nami, mwalimu niliyesoma na kusomesha, niliuza ng'ombe wawili nikampeleka pwani kwa mtu aliyedai kuwa atampunga pepo. Alikaa huko miezi mitatu, akarudi hawezi kusimama bila ya kushikwa. Jambo hili silisimulii kwa fahari.

Mwaka 2014 ndipo tulipofika Nairobi kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Alimlaza ndani ya mashine kubwa ya sumaku, kisha akatuonyesha picha ya ubongo yenye madoadoa meupe. Akasema maradhi hayo yanaitwa maltipo skilerosisi, maana yake makovu mengi. Mishipa ya fahamu, alitueleza, ni kama nyaya za umeme, na kila waya una ganda lake. Ganda hilo huitwa mielini, nalo limejengwa kwa mafuta na protini. Katika maradhi haya askari wa mwili wenyewe hulishambulia ganda hilo wakidhani ni adui. Pale ganda lilipoliwa habari hupotea njiani, na jicho, mguu au kidole hukosa amri yake. Nilikumbuka neno la wazee wetu, kikulacho ki nguoni mwako.

Daktari aliongeza kwamba haya ni maradhi ya nchi za baridi zaidi, na kwamba kadiri mtu anavyoikaribia ikweta ndivyo yanavyozidi kuwa nadra. Nilistaajabu. Mstari wa ikweta unaikata barabara yetu hapa hapa, kati ya mji wa Meru na Nkubu, nami nimeuvuka mara zisizo na idadi. Nikamwuliza maradhi hayo yalimfikaje mwanangu. Akajibu kwamba jibu kamili bado, lakini kwa miaka mingi wataalamu wamevishuku virusi fulani, navyo vilipatikana mara ya kwanza katika nyama ya uvimbe iliyotoka Kampala. Nilirudi nyumbani na neno hilo moja, Kampala, na tangu siku hiyo nikaanza kusoma.

MWANA WA MCHORA RAMANI

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ayalandi. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, kazi yake barabara na madaraja, lakini raha yake ilikuwa ndege wa bustanini. Mzee huyo aliwavisha ndege pete ndogo miguuni ili amtambue kila mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anamiliki kipande gani cha bustani. Msomaji ailinde habari hii akilini, maana mtoto naye alikuja kuwa mchora ramani, ila ramani zake zilikuwa za maradhi.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, watoto walikuwa wakirushiana mawe, na jiwe moja likamvunjia miwani. Jicho la kulia likapotea. Tangu hapo alivaa jicho la bandia, na dunia yote aliiangalia kwa jicho moja.

Alikwenda chuo cha Trinity, mjini Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake, lakini baada ya muda mfupi akabadili nia akaingia udaktari. Alihitimu mwaka 1935, akawa mpasuaji. Mwaka 1941 aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Waingereza, wakamkataa kwa ajili ya lile jicho. Vita vikuu vilikuwa vimepamba moto, na jeshi halikuchagua sana, basi akaingia jeshini kama daktari. Jeshi ndilo lililomleta kwetu. Alitumikia Kenya na Somalia, kisha Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Katika safari hizo alipata nafasi ya kuiona Uganda akaipenda. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mara hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alifika Lira, katika wilaya ya Lango, yeye na mkewe Olive.

Huko Lira aliona jambo ambalo wengine waliliona kila siku wasilitilie maanani. Wanaume wengi walikuja hospitali na mabusha, lakini wengi wao walitoka upande mmoja wa wilaya, na upande wa pili walikuwa wachache sana. Burkitt alihesabu, akachora ramani, akaandika. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilimfunza swali ambalo hakuliacha maisha yake yote. Daktari wa kawaida humtazama mgonjwa na kuuliza ana nini. Burkitt aliuliza pia anatoka wapi, na kwa nini wa huko na si wa kwingine.

WATOTO WA MULAGO

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, hospitali ya Mulago. Siku moja mwaka 1957, mwenzake Daktari Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto, na meno yamelegea. Burkitt hakupata kuona kitu kama hicho. Uvimbe wa usaha huwa upande mmoja, na saratani ya kawaida huanza mahali pamoja. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja. Akitazama nje ya dirisha la hospitali aliona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso umevimba vile vile. Akatoka mbio kumpima, akamkuta na uvimbe tumboni pia.

Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya mbili. Yeye alirudi Mulago akafunua madaftari ya wagonjwa wa miaka iliyopita, akakuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya walikuwa wengi, na kwamba mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine kwenye figo, ini au tumbo. Kila daktari alikuwa ameona kipande chake na kukipa jina lake. Hakuna aliyekuwa ameviunganisha vipande. Mwaka 1958 aliandika habari hiyo katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na uvimbe huo baadaye ukapewa jina lake, limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya seli moja ya damu iitwayo seli B. Naomba wasomaji waikumbuke seli hiyo, maana tutakutana nayo tena.

Kisha akaanza ramani. Msaada wake wa kwanza wa fedha ulikuwa pauni 25 tu. Akachapa karatasi zenye picha za watoto hao, akazituma zaidi ya 1,000 kwa hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza kama wameona uvimbe wa namna hii. Majibu yaliporudi alichomeka pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani kwake. Pini zikafanya mkanda, ukapita katikati ya Afrika, kaskazini na kusini ya ikweta.

SAFARI YA GARI KUUKUU

Ramani ya barua haikumtosha. Mnamo Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu la aina ya Ford kwa pauni 250, wakafunga safari kuelekea kusini. Kwa muda wa wiki 10 walikwenda maili 10,000, wakapita hospitali zaidi ya 50 mpaka Afrika Kusini na kurudi. Kila walipofika swali lao lilikuwa moja, mnaona watoto wa namna hii au hamwoni? Safari nzima iligharimu pauni 678. Leo fedha hizo hazitoshi kununua hata chombo kimoja cha maabara, na matunda yake dunia inayavuna mpaka sasa.

Walichokiona ni hiki. Karibu na ikweta, uvimbe ulikuwa nadra katika nchi za juu kupita futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Walipozidi kwenda kusini, mpaka huo ulishuka na kushuka, hata Msumbiji ukabaki kwenye nyanda za pwani tu. Basi haikuwa urefu wa mlima wenyewe, ilikuwa ni joto. Penye baridi kali uvimbe haukukaa, na penye ukame pia haukukaa. Ulitaka joto na mvua.

Mimi nilipoisoma habari hii sikuhitaji ramani. Niliiona barabara ninayopita. Ukitoka Embu, mji ulio kiasi cha mita 1,350 juu ya bahari, ukapita Runyenjes na Chuka mpaka Meru, mkono wako wa kushoto una majani chai, misitu na Mlima Kenya, na watu wanalala na mablanketi mazito. Mkono wa kulia nchi inateremka kuelekea Mbeere, Ishiara na Tharaka, kwenye joto, mbuyu na mtama, na huko mbu wa malaria ni wenyeji wa siku zote. Mtu aweza kunywa chai ya asubuhi kwenye umande na adhuhuri akawa anatokwa jasho kama yuko Malindi. Mpaka alioufuata Burkitt kwa maili 10,000 unapita katika mteremko huu mmoja.

Penye joto na mvua pana mbu, na kwa hiyo fikra ya kwanza ilikuwa kwamba mbu huleta virusi vya saratani. Haikuwa hivyo hasa. Daktari Gilbert Dalldorf wa Marekani, aliyeichunguza limfoma hii nchini Kenya katika miaka ya mwanzo ya 1960, alielekeza kidole kwenye malaria yenyewe. Burkitt naye alikuja kulikubali neno hilo. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, seli B zake huchochewa bila kupumzika na kinga yake huchoka, ndipo saratani ikapata mlango. Hata visiwani Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, uvimbe ulionekana kuwa nadra ingawa joto na mvua vipo.

Wala Burkitt hakuishia kwenye ramani. Alikuwa mpasuaji, lakini aliona kwamba kisu hakifai kwa maradhi haya. Akajaribu dawa za saratani zilizokuwa changa wakati huo, na baadhi ya watoto, wengine kwa dozi chache tu, taya zikanywea na uso ukarudi. Kazi hiyo haikufa alipoondoka. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa hapo Mulago, na miongoni mwa walioisimamisha alikuwamo mpasuaji wa Kiganda, Daktari Sebastian Kyalwazi.

NDEGE NA UKUNGU

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu hapa ndipo maisha ya Burkitt yanapokutana na maradhi ya binti yangu.

Mwezi wa Machi 1961, akiwa likizoni London, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Msikilizaji mmoja alikuwa kijana mtaalamu wa virusi, Anthony Epstein. Kabla mhadhara haujamalizika Epstein alikuwa amekwisha kuamua kuacha kazi aliyokuwa nayo na kutafuta virusi ndani ya uvimbe huo. Wakapatana. Vipande vya nyama ya uvimbe vikawa vinatoka Mulago kwa ndege kwenda London. Kwa muda wa karibu miaka miwili Epstein hakuona kitu.

Mwezi wa Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu kutua London, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika kilikuwa kimechelewa, na maji yake yamekuwa machafu. Mtu angeweza kudhani kimeoza akakitupa. Epstein alikitia kwenye darubini akaona kwamba uchafu ule ni seli za uvimbe zilizojitenga, ziko hai, zinaelea. Seli hizo zikakubali kukuzwa katika chupa, na mapema mwaka 1964, kwa darubini ya elektroni, virusi vikaonekana ndani yake. Epstein na wenzake, Bert Achong mzaliwa wa Trinidad na Bi. Yvonne Barr wa Ayalandi, walitangaza mwezi wa Machi 1964. Vikaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Baadaye ikajulikana kwamba virusi hivi si vya Afrika peke yake. Karibu kila mtu mzima duniani anavyo, navyo hujificha maishani mwake mote ndani ya zile seli B. Kwetu watoto huvipata wakiwa wadogo sana, kwa mate, wala hakuna anayetambua. Katika nchi za matajiri wengi huvipata wakiwa vijana, na huwaletea homa na uvimbe wa shingo. Na vijana hao hao waliougua homa hiyo ndio waliokuja kuonekana kuwa na hatari zaidi ya kupata maltipo skilerosisi. Pengine hii ni sababu mojawapo ya maradhi hayo kuwa nadra ikweta, lakini nadra si kusema hayapo.

KOFIA YA MWENYE NYUMBA

Tuhuma hiyo ilikaa miaka mingi bila ya hakimu. Mwezi wa Januari 2022 wataalamu wa Marekani walitoa hesabu waliyoifanya katika kumbukumbu za damu za vijana zaidi ya milioni 10 waliopitia jeshi la nchi yao. Kati yao 955 walipata maltipo skilerosisi. Ikaonekana kwamba asiye na virusi vya Epstein-Barr akivipata, hatari yake ya kuugua huongezeka mara 32. Virusi vingine havikuonyesha jambo hilo.

Mwezi huo huo watafiti wa chuo cha Stanford walieleza njia mojawapo ambayo jambo hili hutokea, nami nitaieleza kwa mfano ambao binti yangu ameukubali.

Mwili unapoingiliwa na adui, seli B hutengeneza silaha ziitwazo kingamwili. Kila kingamwili hukatwa ili ishike umbo moja la adui na si jingine. Tufanye ni bawabu aliyeambiwa kwamba mwizi huvaa kofia yenye viua vya namna fulani. Bawabu hamjui mwizi kwa sura, anamjua kwa viua vya kofia tu. Watafiti hao walichukua kingamwili kutoka maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, wakakuta kwamba baadhi yake zinaishika protini moja ya virusi vya Epstein-Barr, na zinaishika pia protini moja ya ubongo, iitwayo GlialCAM, ambayo ni ya seli zinazoilea mishipa ya fahamu. Viua vya kofia mbili vinafanana.

Lakini kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonishika zaidi. Protini ikishatengenezwa mwilini haibaki kama ilivyozaliwa. Mwili huibandika vitu vidogo, au huibadili kiungo kimoja. Ile protini ya ubongo ikibandikwa chembe ya fosfeti mahali fulani, ni kama mwenye nyumba ameongezwa kiua kimoja kwenye kofia yake, na sasa inafanana na ya mwizi zaidi kuliko kwanza. Kingamwili huishika kwa nguvu kubwa zaidi. Bawabu anampiga bwana wake mlangoni pake mwenyewe, na moyoni anaamini kwamba anatimiza kazi. Kingamwili za namna hiyo zilionekana kwa kiasi cha robo ya wagonjwa, basi msomaji asidhani kwamba hii ndiyo hadithi nzima.

Ganda lenyewe la mielini nalo hubadilika. Mwaka 1994 Mario Moscarello na wenzake wa Toronto, Kanada, walionyesha kwamba protini mojawapo kuu ya mielini, katika ubongo wa wagonjwa, imebadilishwa viungo vyake vingi kuliko ya watu wazima. Kiungo kiitwacho ajinini kimegeuzwa sitrulini. Kwa kugeuka huko protini hupoteza sehemu ya nguvu yake ya umeme inayoshikanisha tabaka za ganda, na ganda hulegea. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakiuliza kama askari wa mwili huiona mielini iliyogeuzwa kuwa ni mgeni aliyeingia usiku. Na tangu mwaka 1942, Elvin Kabat na wenzake wa New York walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa hawa yana protini za kingamwili kupita kawaida. Ndiyo kusema bawabu alijulikana zamani. Kilichotafutwa kwa miaka 80 ni nani aliyemfundisha kukosea.

Na virusi peke yao havitoshi, kwa maana karibu sote tunavyo na wengi wetu ni wazima. Damu ya ukoo ina sehemu yake, na nuru ya jua huenda inayo yake. Lakini mnyororo umeanza kuonekana, na pete moja ya mnyororo huo ilifuliwa Mulago.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 akarudi Uingereza. Hakukaa kitako. Swali lake la zamani alilihamishia kwenye chakula, akauliza kwa nini Waingereza wana maradhi mengi ya matumbo ambayo hakuyaona kwa Waafrika. Jibu lake lilikuwa makapi, yale yanayoondolewa unga unapokobolewa. Alizunguka dunia akiwaambia watu warudie vyakula visivyokobolewa, kunde na mboga, na hakuona haya kuzungumzia choo mbele ya mabwana wakubwa. Kwa wenzetu wa Embu na Meru wanaokula githeri hiyo haikuwa habari mpya. Mwaka 1972 alipewa heshima ya kuingia katika jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Epstein aliishi mpaka Februari 2024, akafariki na miaka 102, kwa hiyo aliwahi kuiona hesabu ya wale vijana milioni 10. Burkitt hakuwahi.

Sasa ile seli B niliyowaomba mwikumbuke. Uvimbe wa watoto wa Mulago ni saratani ya seli B. Virusi vya Epstein-Barr hujificha ndani ya seli B. Kingamwili zinazomkosea mwenye nyumba zinatokana na seli B. Na dawa anayotiwa binti yangu kwa mshipa mara mbili kwa mwaka, rituksimabu, kazi yake ni kuziondoa seli B. Dawa hiyo hiyo siku hizi hutiwa katika matibabu ya limfoma ya Burkitt. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya maltipo skilerosisi, pamoja na nyingine mbili. Bei yake ni nzito kwa mzee wa pensheni, na ndugu wa msikitini wamenibeba mara nyingi, Mwenyezi Mungu awalipe.

Binti yangu hakupona. Makovu yaliyokwisha kuingia hayatoki. Anatembea kwa fimbo, na siku za joto kali humlemea, hivyo ile baridi ya Meru ambayo jamaa zangu wa pwani wanaicheka, kwake ni rehema. Lakini tangu alipoanza dawa hiyo hajapata shambulio jipya. Kushona hawezi tena kama zamani. Hukaa barazani akamwelekeza mwanawe, naye amekwisha kuwa msichana mkubwa, wapi kiua kianze na wapi kiishe.

Miaka mitano niliipoteza kwa kutaka kujua ni nani aliyemroga mwanangu. Burkitt aliwaona watoto wawili katika miji miwili akauliza ni nini kinachowaunganisha, na hakuchoka kuuliza. Mtu huyo alikuwa na jicho moja, nami nilikuwa nayo mawili.

Namwombea pia yule mtoto wa Mulago wa 1957, na wale wote ambao nyama za taya zao zilipakiwa ndegeni. Wengi hawakupata kukua. Sisi tuliobaki tunakula katika jasho lao, na ni haki tulijue hilo.